Kabla hujalivisha kochi lako nguo mpya

Siku hizi mteja akifika karakana huwa ameshapiga picha ya sebule, ameshachagua rangi, na anauliza: "Uko na kitambaa kisichoharibu mazingira?" Swali hilo nalipenda. Nilipoanza kazi hii ya kuvika makochi vitambaa, nikimshikia mjomba mkasi na chaki huku Ngong Road, Nairobi, hakuna aliyeliuliza. Watu waliuliza rangi, wakauliza bei, wakaondoka. Lakini kabla sijashusha jora hata moja rafuni, nami humuuliza mteja: fremu ya kochi lako ni ya mbao gani, na unataka likae miaka mingapi?

Wengine hushangaa, kwa sababu walitarajia niwatajie jina la kitambaa. Mimi naamini kitambaa kinachotunza mazingira ni kile ambacho hutalazimika kukibandua upesi. Kama pamba yake ni ya kilimo hai, kama nyuzi zake zimetokana na chupa za plastiki, kama rangi yake haina sumu, yote hayo nayajali na nitayasema hapa chini. Ila kochi la watu watatu hula mita 10 hadi 13 za kitambaa chenye upana wa kawaida. Kitambaa kikichakaa baada ya miaka mitatu, mita zote hizo huishia Dandora, kwenye jaa lililofunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001 na bado linapokea taka za jiji hili. Kisha mita nyingine kama hizo zinafumwa, zinatiwa rangi na kusafirishwa kuvuka bahari ili kujaza nafasi hiyo. Hakuna lebo ya kijani inayoweza kufidia hasara hiyo.

Nitawapa mfano. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea seti yake ambayo jamaa zake walikuwa wanamsihi aiuze awanunulie wajukuu makochi mapya ya mtindo wa sasa. Nilipoigeuza nikaona fremu ya mahogani, viungo vimekaza, hakuna mguu unaocheza. Nikaanza kuifumua. Juu kulikuwa na velveti ya polyesta iliyokuwa imepoteza manyoya yote sehemu ya kukalia na kwenye mikono. Chini yake, kitambaa kingine cha maua, nacho kimechanika. Mafundi waliotangulia hawakuvua nguo ya zamani, walikuwa wanavika juu kwa juu. Na chini kabisa kulikuwa na sufu iliyofumwa kwa kubana, rangi ya kahawia, imefifia mgongoni lakini haina tundu hata moja.

"Mwalimu, hiki mlikinunua wapi?"

"Biashara Street, mwanangu. Mimi na marehemu mume wangu, kabla sijapata kifungua mimba."

Kifungua mimba wake sasa ni mtu mwenye mvi. Ile velveti ya juu, aliniambia, iliwekwa juzi juzi tu.

Basi tuanze na sufu. Unyuzi wa sufu una mkunjo wa asili, ukikaliwa hulala, ukiachwa huinuka. Uchafu haupenyi haraka kwa kuwa nje yake kuna magamba madogo na mafuta kidogo. Kaa la sigara likiangukia sufu, huacha alama ukalipukuta, wakati polyesta ingeyeyuka pale pale. Treni za chini ya ardhi za London, zinazokaliwa na watu usiku na mchana, viti vyake huvikwa kitambaa chenye sufu asilimia 85 na nailoni asilimia 15. Huo mchanganyiko wa nailoni kidogo mimi siukatai. Najua vitambaa vya mchanganyiko ni vigumu kutenganisha na kurejeleza, na nikipata nyuzi za aina moja nashukuru. Lakini sufu yenye nailoni inayokaa miaka 20 ni bora kuliko sufu tupu iliyolegea inayotoboka kwa miaka mitano.

Sufu ina gharama zake, na kondoo hutoa gesi ya methani. Ila Kenya tuna kondoo wa sufu, kule Molo, Nyandarua na Laikipia, na kuna akina mama Nanyuki ambao wamesokota na kufuma sufu kwa mkono tangu miaka ya 1970. Kazi yao kwa kawaida ni mazulia, matandiko na mito. Kwa sehemu ya kukalia, kitambaa cha kufumwa kwa mkono lazima kiwe kimebanwa sana. Kikiwa wazi wazi, funguo na vifungo vya mfuko wa suruali vitavuta nyuzi. Mimi hukiweka mgongoni na kwenye mito, ambako kinaonekana vizuri na hakisuguliwi sana. Na kama nyumba yako huwa imefungwa muda mrefu, angalia nondo. Mabuu yake hula sufu gizani, kwa hiyo sogeza kochi, pitisha brashi chini, liache lipigwe na hewa.

Sasa kuhusu kuijua sufu yenyewe, maana madukani wanaweza kukuambia lolote. Omba kipande kidogo, nenda nacho nyumbani. Chomoa uzi mmoja wa mtande, ule unaokwenda urefu wa jora, na mwingine wa mshindo, ule unaokwenda upana, kwa sababu mara nyingi havifanani. Toka nje, weka maji karibu, shika uzi kwa koleo juu ya sahani ya bati, uuwashe. Pamba na kitani huwaka haraka kwa moto wa manjano, hunuka karatasi inayoungua, na majivu yake ni mepesi, yanapukutika ukiyagusa. Sufu huwaka kwa shida, hujikunyata, hunuka nywele, na ukiondoa moto hujizima. Kaa lake linavunjika vidoleni likishapoa. Polyesta kwanza hukimbia moto, halafu huyeyuka na kudondoka, hutoa moshi mweusi na harufu yenye utamu utamu, ikaacha punje ngumu isiyopondeka. Matone yake yanaunguza vibaya, kwa hiyo watoto wakae mbali. Akriliki, nyuzi za plastiki zinazoiga sufu, huwaka kwa fujo na harufu kali. Ukijaribu hivyo na mashuka ya Kimaasai yanayouzwa mjini utakuta mengi ni akriliki. Yana rangi za kupendeza, na mteja anayetaka mito yake iwe nayo namshonea, lakini simwambii kwamba ni sufu.

Kuna kitambaa kimoja ambacho moto hautakusaidia kukitambua, nacho ni viskosi. Huwaka kama pamba kwa sababu kweli kinatokana na mti. Nakitaja kwa kuwa sasa kinauzwa kwa jina la kitambaa cha mianzi, na wateja wanakiamini. Mwanzi wenyewe hukua haraka bila dawa nyingi, hilo ni kweli. Lakini ili mwanzi uwe uzi laini, huyeyushwa kwa magadi makali na kemikali iitwayo disalfidi ya kaboni, ambayo huwadhuru wafanyakazi viwandani ikiwa haikudhibitiwa. Mwaka 2009 mamlaka ya biashara ya Marekani iliwachukulia hatua wauzaji waliokuwa wakiuza viskosi kama mwanzi mtupu. Na kwa kochi kuna shida nyingine: viskosi ikilowa hupoteza nguvu nyingi. Mtoto akimwaga chai, ukaisugua kwa bidii ikiwa bado mbichi, umeichakaza.

Pamba ndiyo ninayoshona zaidi, kwa sababu watu wanaijua, inapumua na haishiki joto. Kilo moja ya pamba, kwa wastani wa dunia, huhitaji kama lita 10,000 za maji tangu shambani hadi kuwa kitambaa. Wastani huo unachanganya mashamba ya umwagiliaji kule ng'ambo na mashamba yetu ya Kitui, Busia au Homa Bay yanayotegemea mvua, kwa hiyo ninapopata pamba ya huku moyo wangu hutulia zaidi. Kuipata ndiyo kazi. Viwanda vyetu viliporomoka: Kicomi ya Kisumu ilifungwa, Rivatex ya Eldoret ililala hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007 na kuifufua. Thika bado wanafuma. Kitambaa kizito cha pamba kinachofaa kochi, kile cha aina ya kanvasi au dreli, kinapatikana ukiuliza kwa watu wanaouza vitambaa vya sare na vya kazi, badala ya maduka ya sofa. Mimi huko ndiko ninakoanzia.

Kuhusu pamba hai: tangu 2020 wakulima wa Kenya wanapanda pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba ili kustahimili viwavi. Inapunguza kupulizia dawa, lakini haiwezi kupata cheti cha kilimo hai, kwa maana vyeti hivyo havikubali mbegu za namna hiyo. Jirani zetu wa Tanzania, upande wa Meatu, ndio wamelima pamba hai kwa miaka mingi. Ukiona alama ya GOTS kwenye kitambaa, ujue daraja la juu linataka angalau asilimia 95 ya nyuzi ziwe za kilimo hai, na la chini asilimia 70, na pia wanakagua rangi, maji taka na hali ya wafanyakazi. Alama ya OEKO-TEX Standard 100 ni jambo tofauti. Hiyo inasema kitambaa kimepimwa na hakina kemikali hatari kupita kiwango. Polyesta tupu inaweza kuwa nayo. Ni alama nzuri kwa nyumba yenye mtoto anayelala shavu likiwa kwenye kochi, ila haikuambii chochote kuhusu shamba.

Pamba ioshwe kabla ya kukatwa. Nawasihi. Hurudi ikifuliwa, mita 10 zikaweza kukupokonya nusu mita, na jiji lenye maji ya mgao si mahali pa kugundua hilo baada ya foronya za kochi kushonwa.

Kitani nakipenda kwa macho. Mmea wake hulimwa zaidi kaskazini mwa Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, kwa mvua, bila umwagiliaji mwingi, na unyuzi wake ni imara kuliko pamba. Udhaifu wake uko kwenye mkunjo: nyuzi za kitani hazinyumbuki, kwa hiyo kingo za mito na zile kamba za kupambia pembeni ndizo hukatika kwanza. Kitani kilichochanganywa na pamba huvumilia zaidi. Bei yake mpya Nairobi ni ya watu wachache, lakini Gikomba kuna sehemu za mapazia ya mitumba, na humo hutoka mapazia mazito ya kitani na sufu, yenye mita za kutosha kuvisha kiti kimoja na mito yake. Nenda asubuhi mapema siku ya kufungua belo, beba kiberiti chako na chupa ya maji. Kipande kishike kiangalie jua: ukiona mistari iliyofifia pale pazia lilipokunjika, jua la dirishani limeshakula nyuzi, kitachanika ukikivuta. Acha.

Na jua letu lisichukuliwe kimzaha. Nairobi iko karibu na ikweta na juu kwa zaidi ya mita 1,600, miale yake ni mikali. Nyumba za kisasa za Kilimani na Syokimau zina madirisha makubwa, kochi limewekwa mbele yake, na baada ya mwaka upande mmoja umekuwa na rangi nyingine. Rangi za mimea na madini ya asili ninazipenda lakini nyingi hufifia upesi. Huziweka kwenye chumba cha kulala au ukuta wa ndani. Muulize muuzaji kiwango cha kustahimili mwanga. Kipimo kinaenda kutoka 1 hadi 8, na kwa dirisha la namna hiyo mimi nataka 5 kwenda juu.

Mkonge je? Watu wakiona viondo vya Machakos na Kitui huniuliza mbona tusivike makochi mkonge wetu. Nyuzi zake ni ngumu, zinakwaruza mapaja na kuvuta nguo. Mahali pake ni chini na nyuma: mikanda ya kubeba springi, mgongo wa nje wa kiti, paneli za pembeni, kichwa cha kitanda. Huko unakaa miongo. Gunia la kahawa nalo linapendeza kwenye picha, lakini nyuzi zake hupukutika na zikilowa hudhoofika, kwa hiyo nalitumia kwa mto wa mapambo wenye bitana ya pamba. Kikoi kadhalika, ni chepesi kwa kukaliwa. Kishone kama nguo ya juu inayovuliwa na kufuliwa.

Hapo nataka kutetea vitambaa vya mama zetu. Vile vya kusokotwa kwa kulabu, vyeupe, vinavyotandikwa mgongoni na kwenye mikono ya kochi, vijana wengi wanaviona vya kishamba na wanapohamia nyumba mpya wanaviacha kijijini. Lakini angalia kochi lililochakaa: linaharibika pale kichwa kinapoegemea kwa sababu ya mafuta ya nywele, na pale mikono inaposhika kwa sababu ya jasho. Mama alijua. Alifunika sehemu hizo hizo kwa pamba inayofuliwa kila Jumamosi, na kochi likabaki zima miaka yote tuliyokuwa shuleni. Sasa nawatengenezea wateja kinga za mikono na za kichwa kutokana na kitambaa kile kile cha kochi, na wanaozikubali hawarudi kwangu upesi. Kwa biashara yangu hiyo ni hasara ndogo ninayoikubali.

Kuhusu ngozi bandia, ile tunayoiita leatherite, siishoni tena kwa makochi ya nyumbani. Utando wake wa juu wa polyurethani huvunjwa vunjwa na unyevu, jasho na mafuta, kisha hubanduka vipande vipande, na ukishaanza kubanduka hakuna kiraka kinachoshika. Ile ya PVC hukaa zaidi, lakini ni plastiki nzito isiyo na pa kwenda. Kuna ngozi mpya za mimea zinazosifiwa sana, kama Piñatex, inayotokana na nyuzi za majani ya mananasi. Wazo lake nalipenda, hasa nikipita Thika nikaona mananasi yalivyotanda. Ila hata hizo hupakwa utando wa plastiki juu ili zistahimili, na utando huo ndio wa kuuliza kabla ya kulipa. Ngozi ya ng'ombe halisi, ikiwa imelainishwa kwa magome ya miwati badala ya kromu, huzeeka vizuri na kushonwa tena.

Je, polyesta ya chupa zilizorejelezwa? Nitasema wazi kwamba huiweka pale inapofaa. Hoteli ndogo, zahanati, nyumba yenye watoto watatu wa chini ya miaka sita na paka: hapo nataka kitambaa kinachopanguswa na kustahimili. Najua chupa ikishakuwa kitambaa ni nadra irudi kuwa kitu kingine, wakati ingeweza kuwa chupa tena. Najua inatoa vumbi la plastiki. Lakini kochi halifuliwi kila wiki kama shati, na kitambaa kikifumwa kwa kubana kinatoa vumbi hilo kwa uchache. Ninachokataa ni ile dawa ya kuzuia madoa inayopuliziwa juu bila kuelezwa ni nini. Nyingi za aina hiyo zimetokana na jamii ya kemikali za florini zisizooza, na kampuni ya 3M yenyewe ilitangaza mwaka 2000 kuacha mojawapo iliyokuwa kwenye dawa yao maarufu.

Kwa kitambaa chochote kile, omba namba ya Martindale. Mashine husugua kitambaa kwa kipande cha sufu, ikizunguka, hadi nyuzi mbili zikatike, na mizunguko inahesabiwa. Kiti cha mapambo kinaridhika na 15,000. Kochi la familia linalokaliwa kila jioni nataka 25,000. Ofisi na hoteli, 30,000 kwenda juu. Muuzaji asiyejua namba hiyo, jaribu mwenyewe: kwaruza kwa kucha, vuta mshazari uone kama nyuzi zinaachana, sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa uone kama rangi inatoka.

Yule Mwalimu tulimvika sufu yenye nailoni, ya kijani iliyokolea. Sponji ikabadilishwa kwa sababu ya zamani ilikuwa imegeuka unga, mikanda ikawa ya mkonge. Ile sufu ya kahawia niliifua, nikamkatia mito minne kutoka sehemu za mgongo wa nje ambazo hazikuguswa na jua.

Kila mto wa kukalia siku hizi nautia zipu, hata mteja asipoomba, ili nguo ivuliwe na kufuliwa na upande wa mbele ugeuzwe nyuma. Pindo za ndani naziacha pana, sentimita mbili, fundi mwingine apate pa kushika. Mteja namwambia anunue mita moja ya ziada aihifadhi sandukuni kwa ajili ya viraka. Na chini ya kiti, kwenye kile kitambaa cheusi cha kuzuia vumbi, naandika kwa wino usiofutika aina ya nyuzi, mwaka, na jinsi ya kufua.

Ukiwa na kochi unalofikiria kulitupa, ligeuze kwanza upige picha ya chini yake, fremu ionekane. Nionyeshe hiyo kabla ya kunionyesha rangi.